Siku Babu wa Taifa Alipokula kwa Yunisi

Ilikuwako nchi ambayo watu wake walikuwa na furaha kwa mujibu wa sheria. Furaha hiyo ilipangwa kwenye kalenda, ikaundiwa wizara, na wizara ikajengewa jengo la ghorofa tisa: ya tisa kwa ajili ya waziri, na nane za chini kwa ajili ya kumfikia waziri. Kwa mwaka kulikuwa na sikukuu arobaini na moja. Kila raia alipewa Kadi ya Shangwe, na kila aliposherehekea alipigiwa muhuri. Asiyekuwa na mihuri yote hakukatazwa kitu, alikuwa mtu huru kabisa. Ila akifika dirishani kuomba mbegu, au cheti, au dawa, aliambiwa kwa upole arudi siku atakayokuwa na furaha.

Katika nchi hiyo, nyumba namba mia mbili na kumi na nne, alikaa mjane mmoja jina lake Yunisi. Mumewe alikuwa fundi seremala, akafa kwa kuanguka na dari aliyokuwa akiitengeneza, akamwachia mama yake mzazi, Nakiete. Huyo naye alikuwa mjane tangu zamani, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Wajane wawili, nyumba moja, na kona ya jikoni mtungi wenye mchanga mbichi. Ndani ya mchanga huo ndimo ilimokaa chupa ya insulini ya mama mkwe, maana friji hawakuwa nayo. Chupa ilitoka zahanati kila mwezi, kwa kadi iliyojaa.

Isidhaniwe kwamba Yunisi alikuwa mtu wa kununa. Kila sikukuu ilipotangazwa aliichukua na kuigeuzageuza kama mwanamke anayechagua nyanya sokoni, akajiuliza jambo moja tu: hapa ninamshukuru nani? Siku ya Kupanda Miti alipanda, tena miwili. Siku ya Wapendanao ilipokuja kutoka huko ilikotoka, na watu wakaamriwa wavae nyekundu, alicheka, akampikia mama mkwe maharage, akasema mpendwa wangu aliyebaki ni huyu. Siku ya Vinyago alikaa ndani akamwambia balozi wa nyumba kumi kwamba sura aliyopewa na Mungu inamtosha kuwatisha watu, na balozi akacheka akapiga muhuri. Hivyo ndivyo alivyoishi, akipita katikati ya kalenda bila kukanyaga asipotaka.

Mpaka ilipokuja Siku ya Sahani.

Siku ya Sahani ilikuwa kumbukumbu ya Babu wa Taifa, aliyekuwa amekufa miaka thelathini iliyopita. Mwaka wa kwanza iliwekwa picha yake na maua, na hakuna aliyeona ubaya. Mwaka wa pili mtu wa wizarani aliona picha ina kiu, ikawekewa glasi ya maji. Mwaka wa tano maji yakawa chai. Mwaka wa kumi ikagunduliwa kwamba Babu huzunguka nchi nzima saa sita mchana kula chakula kwa wajukuu wake, ikaamriwa kila nyumba iweke sahani kizingitini. Watoto walitungiwa nyimbo, maduka yakauza biskuti zenye umbo la miwani yake, na kusema kweli ilikuwa siku ya kupendeza. Watu waliipenda, Wakristo na wasio Wakristo. Asubuhi balozi alipita akifunga makabati yote kwa uzi wa serikali, kwa sababu haikuwa adabu mtu kula kabla ya Babu. Mchana mkaguzi alifika, mwenye nyumba akapiga goti.

Hadi hapo Yunisi alikuwa amevumilia. Alijihesabia kwamba sahani ni sahani na wali ni wali. Lakini mwaka huo, kwa kuadhimisha miaka thelathini, wizara iliongeza maneno. Kila mwenye nyumba aseme mbele ya mkaguzi: Karibu Babu, ule. Tunapumua kwa ruhusa yako.

Yunisi alijaribu kuyazoea. Aliyasema akiosha vyombo, akiteka maji, akifagia uwanja. Karibu Babu, ule, ilitoka. Iliyofuata ilifika kwenye meno ikakaa.

*

Wachungaji nao hawakulala. Baraza la Makanisa liliunda Kamati ya Utambuzi, watu kumi na watano wenye kumcha Mungu, na serikali kwa kuheshimu uhuru wa dini ikawaweka hoteli kwa siku kumi na moja ili watambue bila bughudha. Walitambua kwanza kwamba samaki wa pale alikuwa mzuri. Siku ya nne walitambua kwamba habari ya kwenye Biblia, ya nyama zilizotolewa kwa sanamu, ilisemwa kwa watu wa zamani wasiokuwa na wizara. Siku ya kumi na moja walitoka na waraka. Ulisema Mkristo anaweza kushiriki Siku ya Sahani ilimradi asipike kwa furaha, aweke sahani kwa mkono wa kushoto, na wakati wa kutamka yale maneno, moyo wake uwe mahali pengine.

Serikali ilifurahi. Ikachonga muhuri maalumu kwa ajili ya Wakristo, wa kijani, ulioandikwa: AMESHIRIKI KIMWILI TU.

Yunisi alimfuata Mchungaji Elisafi ofisini, akamkuta anajaribu muhuri wa mfano kwenye karatasi. Akamsalimia, akakaa, akamuuliza swali alilokuwa amelitembeza kichwani wiki nzima.

"Baba Mchungaji, huo mwili ukishashiriki peke yake, jioni unarudi nyumbani kwa nani?"

Mchungaji aliitazama karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemzika seremala yule na kulia kaburini kuliko ndugu.

"Mama, nina waumini mia nne," akasema. "Wote wana kadi. Wengine wana watoto hospitali. Usiniulize kitu ambacho nikikijibu itanibidi nikitende."

Wakaomba pamoja. Yunisi alipotoka alisikia muhuri ukigonga meza tena, taratibu, kama mtu anayepiga hodi nyumba isiyo na watu.

Jirani yake, Abela, aliyekuwa akiimba naye sauti ya pili kwenye kwaya, alimwonea huruma. Yeye tatizo lake lilikwisha mwaka juzi, aliponunua sahani ya plastiki yenye paja la kuku la plastiki, vilivyoruhusiwa na wizara. Alisema kuku asiyetoka damu hana dhambi, na Babu mwenyewe hajawahi kulalamika.

"Mwenzangu, Mungu anaangalia moyo," Abela alimwambia.

"Ndiyo," Yunisi akajibu. "Hicho ndicho kinachonitia hofu."

*

Siku tatu kabla, chupa ya kwenye mtungi ilikuwa imefika chini. Zahanati ilikuwa imetangaza kwamba mwezi huo dawa itatolewa kwa wenye muhuri wa Sahani tu, wa rangi yoyote. Yunisi alimweleza mama mkwe yote, na hakumficha kwamba usingizi ulikuwa umemhama. Akamuomba ushauri.

Nakiete alikuwa akichambua mchele kwa vidole, maana macho yalikuwa yamefifia. Aliendelea kuchambua.

"Mimi sikushauri, mwanangu. Nikikwambia weka, utasema mama mkwe alikutia majaribuni. Nikikwambia usiweke, utanililia kila siku na mimi sipendi kuliliwa nikiwa hai, naona kama naharakishwa."

"Basi nitaweka, mama. Nitaweka kwa ajili yako."

"Hapana. Ukiweka, weka kwa ajili yako. Usichukue mzigo wako ukautua kichwani kwangu. Hiki kichwa kina uzito wake."

Akaongeza kwamba kama ni lazima kupika, basi nyama isikaushwe, maana mwaka jana ilikuwa ngumu na walioila iliyobaki sufuriani, baada ya Babu, ni wao.

Yunisi aliomba asubuhi, akaomba jioni, akafunga siku moja akaona kizunguzungu, na mbinguni kulikuwa kimya kama ofisi ya serikali siku ya Ijumaa mchana. Ilipofika asubuhi ya sikukuu akapika. Wali, nyama ya mchuzi, na ndizi mbivu mbili, kwa vile ilijulikana kitaifa kwamba Babu alipenda ndizi mbivu. Alipika bila furaha, kama waraka ulivyotaka, ingawa hakuhitaji waraka kwa hilo. Aliweka sahani kizingitini kwa mkono wa kushoto. Alijiambia kwamba maneno yatasemwa mkaguzi akifika, na kwamba kati ya sasa na wakati huo Mungu anaweza kufanya jambo. Alijisikia kama mtu aliyekwisha kuvua kiatu kimoja.

*

Ratiba ya taifa ilisema Babu ataanza kula saa sita kamili. Kwa hiyo saa tano na nusu Yunisi alimchoma mama mkwe sindano, kama daktari alivyofundisha, nusu saa kabla ya chakula. Nakiete alisema dawa imemchoma kuliko jana, akashusha mkono wa gauni, akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango kungoja Babu ashibe.

Saa sita kasoro dakika tano Waziri wa Shangwe na Utulivu alianza kuhutubia, na vipaza sauti vikapeleka sauti yake kila mtaa. Babu hakuweza kuanza kula mheshimiwa akizungumza. Hiyo ni adabu.

"Ndugu wananchi," waziri alisema, "Babu hakupenda maneno mengi. Leo nitaeleza kwa mapana, katika vipengele thelathini, kimoja kwa kila mwaka, jinsi ambavyo hakupenda maneno mengi."

Kipengele cha nne kilihusu kutunza wakati. Kipengele cha saba kilihusu njaa, ambayo waziri aliieleza kwa ufasaha sana, kwa kuwa alikuwa ameisoma. Ilipofika saa saba alikuwa kwenye cha kumi na mbili, na watu uwanjani walikuwa wakipiga makofi kwa nguvu wakitumaini kila sentensi ndiyo ya mwisho, jambo lililomtia moyo aongeze.

Saa saba na robo Nakiete aliuliza kwa nini mwanawe amechelewa kurudi kutoka kazini.

Yunisi aligeuka. Mama mkwe alikuwa anatoka jasho, gauni limegandamana kifuani, na midomo ikitetemeka. Akamuita. Nakiete akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni dirishani, akasema mwambie seremala ateremke, dari itamuua. Sukari ilikuwa imeshuka. Dawa ilikuwa imeingia mwilini na haikukuta chakula.

Kabati lilikuwa limefungwa kwa uzi wa serikali, mafundo matatu na lakiri nyekundu. Yunisi alilivuta mara moja, halikuja. Sukari ilikuwa humo, asali ilikuwa humo, sufuria ilikuwa humo. Akageuka. Kizingitini palikuwa na sahani.

Hapo hakupima kitu. Hakujiuliza anamshukuru nani. Alichukua ndizi akaimenya, akaiponda kwa vidole, akamtia mama mkwe mdomoni kidogo kidogo akimsugua koo ili ameze, huku waziri akieleza kwenye vipaza sauti kwamba hakuna Taifa linaloweza kusonga mbele kabla wazee wake hawajala. Ndizi ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Kisha wali, kijiko kwa kijiko. Nakiete akaacha kutetemeka. Akashika kijiko mwenyewe. Akala nyama, akasema leo haikukaushwa.

Sahani ilipokuwa tupu ndipo Yunisi alipoona alichofanya. Akairudisha kizingitini, na maganda mawili ya ndizi juu yake, kwa sababu hakujua pengine pa kuyaweka.

*

Mkaguzi wa Sahani alikuwa bwana mmoja aitwaye Fokasi, mwenye kofia ya wizara na daftari kubwa kama mlango. Alifika saa tisa pamoja na balozi. Katika kila nyumba alikuwa ameikuta sahani imejaa pomoni, akaiinamia, akaisikiliza, akaandika: Ameshiba. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Baadaye lori lilipita kukusanya chakula na kukipeleka wizarani kwa uchunguzi.

Kwenye nyumba ya Yunisi aliinama, na hakuinuka.

Aliyatazama maganda. Akayagusa. Halafu akapiga goti, kofia ikaanguka, akaanza kulia.

"Miaka kumi na tisa nakagua," akamwambia balozi kwa sauti ya chini. "Hajawahi kula. Hata punje."

Balozi naye akapiga goti, kwanza kwa kuiga, kisha kwa hofu.

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Fokasi alifungua daftari kwenye ukurasa ambao haujawahi kuandikwa tangu kuanzishwa kwa wizara, wenye kichwa cha habari Amekula Kabisa. Akaeleza, pua ikitiririka, kwamba nyumba hii sasa itaitwa Nyumba ya Ushuhuda. Waziri atakuja mwenyewe. Italetwa friji. Bibi atapata dawa maisha yake yote, bila kadi, bila foleni, italetwa na gari. Maneno ya mwaka huu hayatahitajika hapa, kwa kuwa yaliyotokea yamepita maneno. Mwenye nyumba aweke sahihi tu kwamba aliyekula ni Babu. Hata asiweke sahihi, aseme ndiyo. Hata asiseme, anyamaze, kunyamaza kwa mjane kunatosha.

Akamtazama Yunisi. Kalamu ikangoja.

Yunisi alikuwa mwanamke mtulivu, na watu wengi walikuwa wamesema kanisani kwamba siku ya majaribu huyu atasimama. Siku hiyo ilikuwa imefika na alikuwa amesimama, ndiyo, ila alikuwa amesimama kama nguzo, hana neno. Akifungua kinywa anamuua mama wa mumewe. Akikifumba anamtukana Mungu. Alijaribu kuomba akakuta kichwani mna kitu kimoja tu, mtungi wa jikoni na mchanga wake. Kimya chake kikaendelea, na kila kilipoendelea kilikuwa kinaandika.

Fokasi akaishusha kalamu kwenye ukurasa.

"Usimuulize huyo," Nakiete akasema toka kwenye kiti. "Kinywa kilichokula ni changu."

Kalamu ikasimama.

"Bibi, tafadhali," balozi akasema.

"Nimekula mimi. Ndizi mbili, wali wote, na mfupa nimeunyonya. Andika."

Fokasi alifuta machozi kwa daftari. Hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyepewa kitu kisha akanyang'anywa. Akafikiri, akapata njia, akaisema kwa matumaini makubwa. "Bibi, huenda Babu amekula kwa kupitia kinywa chako. Kinywa chako, shibe yake. Hilo linaandikika. Linawahifadhi nyote wawili."

"Nimeshacheua mara mbili," Nakiete akasema. "Na hiyo nayo ni yake?"

Balozi akacheka, kisha akajikohoza ili ionekane hakucheka.

Ndipo Yunisi alipopata sauti. Haikuwa kubwa. Alisema yeye ndiye aliyeitwaa ile sahani na kumlisha mama, na kwamba ndiye aliyeiweka pale tangu mwanzo, kwa hofu, na hilo nalo liandikwe kwa sababu ndilo analolijutia. Fokasi akamsihi. Akasema yuko tayari kutoyaona maganda, yuko tayari kupiga ule wa kijani, sasa hivi, hapo hapo, ikiwa atasema yale maneno saba tu, hata haraka haraka, hata kwa kunong'ona.

"Baba," Yunisi akamwambia, "siwezi kupumua kwa ruhusa ya mtu aliyeacha kupumua."

Fokasi akafunga daftari. Akaokota kofia. Mlangoni aligeuka kama mwenye la kuuliza, akamtazama bibi kizee akilamba kijiko, akaondoka.

Walipobaki wawili, Yunisi alipiga magoti mbele ya kiti, akaficha uso katika gauni la mama mkwe.

"Nimekuua, mama."

"Umenilisha," Nakiete akasema. "Nikifa, nitakufa kwa sukari. Ndiyo iliyomuua mama yangu, na yeye hakuwa na wizara."

*

Sheria ya nchi ile ilikuwa na huruma, haikuwa na jela kwa kosa la namna hiyo. Taarifa ya mwaka ilipotoka ilionyesha kwamba Siku ya Sahani ilifanikiwa asilimia mia moja, kama kawaida, maana nyumba ambayo haikufanikiwa iliondolewa kwenye orodha ya nyumba. Kijana wa kupaka rangi alikuja akafuta namba mlangoni. Baada ya namba mia mbili na kumi na tatu, nchi iliendelea na mia mbili na kumi na tano.

Yunisi alikwenda zahanati na chupa tupu. Mhudumu alikuwa mwema, alitafuta daftari zima, akapekua mara mbili, akamwonyesha kwa kidole kwamba hakuna mgonjwa anayekaa mahali pasipokuwapo. Alikwenda zahanati ya mji wa pili kwa miguu, nako akakuta daftari lile lile. Mchungaji Elisafi alikuja kuwatembelea, akasimama barabarani muda mrefu na kitabu kwapani, kwa kuwa waraka mpya ulikuwa haujaeleza kama mtumishi anaweza kuingia nyumba isiyokuwapo. Aliwaombea pale pale, juani, kwa macho wazi. Abela alipita kila asubuhi na ndoo yake asisalimie mtu, ila mwendo wake ulipunguka akifika hapo, na mara moja ndoo ikamwagika.

Kwa wiki kadhaa wapita njia walieleza kwamba jua likitua husikika wimbo wa kanisani mahali pale pasipo na nyumba. Zilikuwa sauti mbili, moja nene ya kizee inayokosea maneno, na nyingine inayoisahihisha. Wizara ilituma mtaalamu. Alisikiliza jioni mbili, akathibitisha kwa maandishi kwamba huo ni upepo tu na wananchi wasiwe na wasiwasi.

Mwisho wa mwezi upepo ule ulibaki na sauti moja, ile iliyokuwa ikisahihisha. Ilikuwa inaimba yale yale, ila sasa ilikuwa ikifika kwenye ubeti wa tatu inakosea maneno kwa makusudi, na hakuna aliyeisahihisha.